Alama ya Hasi

Yule mama wa chumba cha kompyuta pale hospitalini hagusi faili kabla hajalinakili. Akishanakili, hulifungua lile jipya, husoma rekodi za mwanzo, kisha hurukia za mwisho, midomo ikicheza kama anayenong'ona na mtu. Shali haimtoki mabegani, maana chumba kile kina baridi ya kuuma mifupa. Wenzake humtania kwamba hata chai huinakili kabla ya kuinywa. Hucheka nao, macho yakiwa palepale kwenye skrini.

Siku ya kuhamisha rekodi za wagonjwa kutoka kompyuta kuu ya zamani, programu ilimaliza kubadili muundo bila kulalamika. Mkuu wake, kijana, alisimama mlangoni na simu sikioni.

"Mama, tufungue mfumo mpya? Wodi zote zinatungoja."

Yeye alikuwa amekodolea macho safu ya makundi ya damu. Alama ya hasi ilikuwa imepotea. Kila mgonjwa sasa alikuwa chanya. Mtu angetiwa damu isiyomfaa. Sauti yake haikupanda.

"Hatufungui."

"Nimeshawaahidi!"

"Waambie wangoje, mwanangu. Bora wangoje wakiwa hai."

Akafuta kazi yote ya asubuhi, akarekebisha amri ya programu iliyokula alama, akaanza upya kutoka kwenye nakala. Mkuu akakata simu, akavuta kiti.

"Nisomee, nami nifuatilie kwenye faili la zamani."

Wakapitia kila aliyelazwa, mmoja mmoja, hadi makoo yakawakauka.

"Sasa fungua," akasema mama.