Mhudumu wa maiti na Jumapili zake za kupiga picha

Saa moja asubuhi, Jumapili. Nyuma ya soko la mitumba, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, kamera shingoni, anamsogelea mshona viatu. Anamnyoosha kola, anamfunga kifungo cha juu, kisha anamwinua kidevu kwa vidole viwili, taratibu.

"Mwache, huyo bado anapumua!" anapaza sauti rafiki yake, aliyeketi juu ya kreti tupu la soda.

Mshona viatu anacheka. Hajui kwamba mpiga picha huyu, anayeitwa Baridi kwa jina la utani, ni mhudumu wa chumba cha maiti, na mikono yake imezoea watu wasiojitikisa.

"Nikijisahau, mikono inafanya kazi ya Jumatatu," anasema Baridi. "Kuna mama mmoja nilimfumba macho kabisa. Alinifukuza na ufagio."

Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa kazini. Anaosha, anaweka pamba, anavalisha, anafunga lebo ya jina mguuni. Chumba hakina dirisha. Majirani hawampi mkono. Watoto wa dada yake wakitumwa kwake, wanaacha mfuko mlangoni na kukimbia. Mkewe aliondoka zamani.

"Alisema nanuka dawa hata nikioga mara mbili. Sikubishana. Hata mimi nilikuwa naisikia hiyo harufu."

Rafiki yake ni fundi saa. Walijuana siku Baridi alipompelekea saa yake iliyosimama, akamwambia anafanya kazi wapi ili asije akalaumiwa baadaye.

"Akanishika mkono, akaniuliza, 'Sasa saa ya nini, wateja wako wana haraka gani?' Nilicheka mpaka nikakaa chini."

Kamera ni ya fundi. Aliletewa mbovu, mwenyewe hakurudi kuichukua, akaihangaikia mpaka ikakubali. Tangu hapo, kila Jumapili wanatoka. Mmoja anapiga picha, mwingine anapiga soga na anayepigwa. Wakichoka, wanabadilishana.

"Wiki nzima naona sura za watu, hakuna hata mmoja anayenitazama," anasema Baridi. "Huku wananitazama."

Lakini figo za fundi zimechoka. Mara mbili kwa wiki anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, ghorofa ya tatu ya hospitali ileile ambamo Baridi anafanya kazi chini kabisa. Miguu imevimba, viatu anavaa bila kamba. Mwezi uliopita alisema jambo ambalo Baridi hakulitaka.

"Nikishushwa kwako, unioshe wewe. Sitaki mtu nisiyemjua."

Jumapili iliyofuata Baridi alituma ujumbe kwamba ana mafua. Hakuwa na mafua. Alikaa kitandani na viatu miguuni mpaka jua likazama.

Leo, mshona viatu akiwa amerudi kwenye kazi yake, fundi analirudia jambo lile.

"Bado hujanijibu, ndugu yangu."

Baridi anaifuta lenzi kwa pindo la shati. Anaifuta hata ilipokwisha kung'aa.

"Nitakuosha," anasema. "Mimi mwenyewe, mlango nimefunga."

"Na maji yawe ya moto."

"Kule hakuna maji ya moto."

"Basi siji mpaka yapatikane."

Fundi anacheka mpaka kikohozi kinamkamata. Baridi anamshika bega, anangoja kipite.

Jumapili ijayo wanataka kwenda kwenye daraja la reli, mahali ambapo hawajawahi kupiga picha. Muuguzi wa ghorofa ya tatu ameahidi kuwaazima kiti cha magurudumu. "Afadhali hicho kuliko toroli lako," fundi amekwisha kusema.

Kabla ya hapo, Baridi ana kitu cha kununua: jagi la umeme la kuchemshia maji. Ataliweka kwenye kabati lake kazini.

"Likae humo humo," anasema, akimsaidia rafiki yake kuinuka. "Lipate kutu."