Kitanzi cha Mama Tumaini

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka leo. Nilikimbia kutoka soko la Makambako nikakaribia kufika Iringa kwa miguu, na kilichonikimbiza ni neno moja tu.

Nilikuwa kijana, mhudumu mpya wa afya pale zahanati, nimemaliza masomo yangu ya jioni, nimetoka semina ya uzazi wa mpango ya siku tano, kichwa kimejaa elimu hata kofia hainitoshi. Mama Tumaini, mwenye watoto sita, alitaka kupumzika kuzaa. Njia ya kuzuia mimba alishaichagua mwenyewe kule zahanati, ila hakupenda kumficha mumewe. Akaniomba, "Wewe uliyesoma, kamweleweshe Baba Tumaini. Akikataa, nimekwisha."

Nikamkuta sokoni anapakia viazi kwenye lori. Nikajikohoza kama mkuu wa wilaya.

"Shikamoo, baba. Kesho tunamwekea mama kitanzi."

Gunia likamponyoka. "Kitanzi? Mke wangu kakosa nini?"

"Hajakosa kitu, baba! Amekubali mwenyewe. Tena kinakaa miaka kumi!"

"Jamani, njooni! Wanamnyonga mke wangu, eti kakubali!"

Wapakizi mia mbili, kwa hesabu yangu, wakanigeukia. Sikungoja maswali.

Jioni ile nesi wetu, Sista Atu, mama wa Kibena asiyepandisha sauti hata akiumwa na nyuki, akanirudisha kwa Baba Tumaini, nyumbani kwake safari hii. "Kamwene, baba," akamsalimu. Akamuuliza amesikia nini, akamsikiliza mpaka akamaliza. Ndipo akamwekea kiganjani kidude chenye umbo la herufi T.

"Ndicho hiki? Mbona hakinyongi hata kifaranga!"

"Kinakaa kwenye mji wa mimba, kinazuia mimba isiingie, baba. Siku akitaka kitolewe, tunakitoa."

Baba Tumaini akacheka mpaka akakaa chini. "Basi, mwili ni wake, aamue. Lakini huyu mtaalamu wenu msimtume kwa mtu mwenye presha."

Njiani Sista Atu akaniambia, "Semina imekufundisha majina ya vifaa. Masikio ya watu hukufundishwa." Mwezi mzima akanikalisha benchi la zahanati, kazi yangu kusikiliza akina mama tu.

Kwa hiyo wewe, mwanangu, unayeanza kazi hii, muulize mtu kwanza amesikia nini, ndipo umweleze. Neno la darasani lifafanue kwa maneno ya jikoni na shambani. Usimchagulie mama, wala usimtangazie mambo yake sokoni. Haya, nenda. Mungu akupe subira, aibariki mikono yako, na kila mama aingiaye mlangoni kwako atoke anajua alichochagua.