Barua ya Kunifukuza Niliichapa Mwenyewe

Wakuu, siku niliyofukuzwa kazi, barua ya kunifukuza niliichapa mwenyewe.

Kwa vidole vyangu hivi hivi. Bila kosa la herufi hata moja.

Na nilipokuwa karibu kuimaliza, yule aliyekuwa ananifukuza akageuka rangi, akasema, "Futa."

Tulieni niwape mkasa wote, maana gazeti la huku kwetu Bihar, India, liliandika habari hii kichwa chini miguu juu.

Jina langu Rambriksh Mahto. Elimu yangu darasa la nne. La tano nililichungulia dirishani nikaona halinihusu.

Kazi yangu ni kuchapa. Naketi nje ya mahakama ya tarafa, chini ya bati, mimi na wenzangu kumi na tisa, kila mtu na meza yake. Mtu kaibiwa nyati wake wa maziwa, namchapia mashtaka. Ndugu wanagombania shamba, nawachapia wote wawili, na kila mmoja namwambia, "Hii yako nzito, utashinda."

Miaka ishirini na mbili sasa. Nilianza na mashine ya chuma. Kompyuta ilipokuja, tukapata programu ya Kihindi ambayo kila herufi ilikaa palepale ilipokuwa kwenye chuma. Macho yanaweza kusinzia, vidole vinajua njia.

Meza ile ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho. Mke wangu Sonmati aliugua akafariki mwaka mmoja kabla ya mkasa huu.

Karatasi yake ya rufaa kwenda hospitali kubwa ya Patna, makao makuu ya jimbo, ilikuwa imebakiza muhuri wa karani mkuu, Tripurari. Muhuri tu, wakuu! Kitu cha kugonga mara moja.

Siku ya kwanza Tripurari akaniambia, "Mtandao umelala."

Siku ya pili, "Mtandao umelala."

Siku ya tatu mtandao ukaamka. Sonmati akawa amelala.

Basi mkinisikia nawasema wakubwa, msiniambie nina chuki. Ninayo. Nimeipata kihalali.

Sasa, mwezi wa tatu tukaletewa mkuu mpya wa tarafa, Bwana Kaul. Kijana, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi letu, Kihindi cha Delhi kinachotokea puani. Hakumaliza wiki akatutangazia zawadi: kompyuta ishirini mpya, za serikali, moja kwa kila meza.

Sherehe ilikuwa si mchezo. Nazi za baraka zikapasuliwa. Mashada ya maua ya manjano. Kila skrini ina kibandiko cha sura ya waziri, anatabasamu, na hicho kibandiko hakibanduki hata ukikimwagia maji ya moto.

Bwana Kaul akashika kipaza sauti. "Dunia imesonga mbele! Kompyuta hizi zina mfumo mpya kabisa. Hakuna kurudi nyuma! Nitakayemkuta na mfumo wa zamani, meza yake inaondoka na yeye anaondoka nayo."

Tukapiga makofi. Sisi ni watu wa makofi.

Kesho yake tukakaa kufanya kazi. Programu yetu ya Kihindi ikagoma kufunguka. Iliyokuja na mashine ilikuwa na mpangilio wake: nataka *ka*, inatoka *tha*. Nyati wa mteja wangu alitoka kwenye printa akiwa kitu kisichosomeka hata na aliyemwiba.

Nikapeleka karatasi dirishani mahakamani. Ikarudi. Wanataka herufi zilezile za zamani, kwa sababu fomu zao zote ni za zamani.

Mnaona akili hizo? Umenipa kalamu mpya, halafu umenikataza wino.

Nikaenda kwa Tripurari. Mdomo umejaa tambuu, shavu limevimba.

"Karani, mashine hizi hazifanyi kazi."

"Mashine hazifanyi kazi, au wewe ndiye hufanyi kazi?"

"Herufi zinachanganyika."

"Jifunze, mzee. Sisi ofisini mbona tunatumia? Mheshimiwa Kaul mwenyewe anatumia, tena anasifu. Tatizo lenu ninyi wa darasa la nne, mnaogopa maendeleo."

Akatema mate mekundu kwenye kopo. Nikaondoka. Wiki mbili sikupata mteja hata wa kunidanganya.

Ndipo nikaibeba ile kompyuta mgongoni, nikampelekea Nagendra. Huyu ni fundi nyuma ya soko la mboga, tumbo limetangulia mbele yake kama mpambe. Nikamwambia anirudishie mfumo wa zamani, ule sote tunaouita Saba.

Akacheka mpaka kiti kikalia. "Mzee Rambriksh! Wamekupa bibi harusi mpya, unataka nimvike sura ya mke wa zamani?"

"Ungekuwa unaweza hilo, Nagendra, ningekupa na nyumba."

Akaacha kucheka. Akavuta bisibisi.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mashine mpya ina maringo. Haimtaki Saba hata kwa mahari. Nagendra akaingia ndani kabisa kwenye mipangilio yake ya siri, akazima ulinzi, akafuta kila kitu. Saba alipoingia tu, mausi ikafa. Kibodi nayo ikafa.

"Haizitambui," akasema. "Inaziona kama mizimu." Akachimba kwenye boksi la takataka, akatoa kibodi na mausi za kale zenye plagi za duara, akachomeka. Zikapumua.

Jioni nikafungua programu yangu. Nikachapa jina la mke wangu. Likatoka sawasawa.

"Lakini mkuu akipita akaona?" nikauliza.

"Hapo ndipo nalipwa." Akaniambia ameshaipiga picha ile skrini ya mfumo mpya, na alama zake zote, na ukanda wake wa chini. Akaitandaza ile picha juu ya Saba kama mandhari. Ukanda halisi akauficha.

Ukitazama, mpya. Ukigusa, hakuna kitu. Picha tupu.

"Ukitaka ukanda wenyewe utokee, sukuma mshale mpaka chini kabisa. Akija mkubwa, usisukume kitu. Kaa kama sanamu."

Nilivyorudi nikafanya kosa moja: nikawaonyesha wenzangu. Kabla wiki haijaisha, kompyuta zote ishirini zilikuwa zimepita kwa Nagendra na kuvikwa picha ileile, na mahakama ikarudi kupokea karatasi zinazosomeka. Wakubwa wakaandika ripoti kwamba mfumo mpya umefanikiwa.

Miezi ikapita hivyo. Halafu likaja tangazo: Mheshimiwa atakagua kompyuta zote tarehe kumi na saba Septemba.

Tulifurahi, wakuu! Tarehe hiyo ni sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Chombo cha kazi siku hiyo kinaoshwa, kinavikwa maua, kinapakwa rangi nyekundu, kinapumzika. Hakiguswi. Ukikigusa unajitafutia mkosi wa mwaka mzima.

Maana yake Mheshimiwa angetazama tu, apige picha, ale vitumbua, aende zake.

Siku ikafika. Kompyuta ishirini zimewashwa, zimevikwa maua, ubani unafuka. Bwana Kaul anapita meza kwa meza, Tripurari nyuma yake amebeba faili. Kila meza anatikisa kichwa. "Vizuri. Vizuri sana."

Akafika kwangu. Akasimama.

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi, Mheshimiwa."

"Mbona skrini yako inasema saa kumi na dakika kumi na saba?"

Nikatazama. Kweli. Nagendra alipoipiga picha ile ilikuwa jioni, na saa ikaingia humo humo kwenye picha. Miezi sita nachapa mbele yake, sijawahi kuiona. Nani anatazama saa akiwa na kazi?

"Labda... betri, Mheshimiwa."

Akageukia meza ya jirani. Saa kumi na kumi na saba. Ya pili. Saa kumi na kumi na saba. Zote ishirini zimekubaliana, kitu ambacho sisi wachapaji hatujawahi kukifanya.

Akashika mausi yangu, maua na yote. Akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Akaishusha mpaka chini kabisa, na Saba akachomoza na ukanda wake, hana habari.

"Nani ameanzisha uchafu huu?"

Vichwa kumi na tisa vikanigeukia kama alizeti.

"Rambriksh, Mheshimiwa," akasema Jokhan, ambaye asubuhi hiyo alikunywa chai yangu.

"Basi huyu awe mfano. Ofisini!"

Nikamfuata. Nje ya bati lile mimi ni nani? Kijana wa miaka hamsini na nane mwenye cheti cha vidole.

Ofisini Bwana Kaul hakukaa hata. "Mchapaji wa ofisi yuko wapi?"

"Likizo, Mheshimiwa," Tripurari akajibu.

"Basi atachapa huyu huyu. Tena kwenye kompyuta yangu, aone mfumo mpya unavyofanya kazi mtu akiutumia kwa akili."

Hapo Tripurari akaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Mheshimiwa! Leo Vishwakarma! Chombo hakiguswi!"

"Kazi ndiyo ibada, Tripurari. Keti, mzee. Andika."

Nikaketi kwenye kiti cha ngozi. Akaanza kutamka. *Bwana Rambriksh Mahto, mchapaji, ameondoa mfumo wa serikali kwenye kompyuta ya serikali. Kuanzia leo yeye, na mtu yeyote aliyefanya hivyo ndani ya eneo hili, anaondolewa...*

Vidole vikawa vinakwenda. Vinajua njia.

Nikafika katikati ndipo nikashtuka: vimeijuaje njia?

Kama huu ni mfumo mpya, nikitaka *ka* ingetoka *tha*. Mbona kila herufi inaanguka mahali pake? Mbona nafukuzwa kwa mwandiko safi hivi?

Nikainua macho, nikatazama pembe ya skrini ya Mheshimiwa.

Saa kumi na dakika kumi na saba.

Nikamtazama Tripurari. Shavu lake la tambuu limesimama. Jasho limemtoka. Alikuwa ameshapita kwa Nagendra, tena labda kabla yangu, halafu akaja kuniambia naogopa maendeleo.

Akainama kama anaokota faili, akaninong'oneza sikioni, "Kaka Rambriksh. Nina watoto. Nyamaza."

Kaka! Miaka yote mimi ni "wewe", leo nimekuwa kaka.

Nitasema ukweli, maana humu hatujuani. Sikuwaza meza. Sikuwaza njaa. Niliuwaza ule muhuri.

"Mheshimiwa," nikasema kwa adabu zote, "barua ya kuondoa mtu huwekwa na saa. Niandike saa ngapi?"

Akatupa jicho kwenye skrini. "Andika saa kumi na dakika kumi..."

Akatazama saa yake ya mkononi. Akatazama skrini. Feni ya juu inalia kwi, kwi, kwi.

Akashika mausi mwenyewe, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aletewe. Akabonyeza alama. Hakuna kitu. Akaishusha chini kabisa.

Saba akachomoza, salama salmini.

"Tripurari."

"Mheshimiwa, herufi zilikuwa hazitoki... hukumu zilikuwa zinarudishwa kutoka juu... nikaona nisikusumbue..."

"Ofisi nzima?"

"Ofisi nzima, Mheshimiwa. Na mahakama."

Nikasema moyoni, Sonmati, tazama. Leo anakwenda na maji.

Bwana Kaul akakaa chini. Nilimwona anapiga hesabu kichwani. Miezi sita ameandikia Patna kwamba tarafa yake ndiyo ya kwanza jimbo zima kuhamia mfumo mpya. Amesifiwa kwa barua. Amepigwa picha.

Akageuka rangi. Akaniambia, "Futa."

"Yote, Mheshimiwa?"

"Yote. Andika upya." Akajikohoza, na ile sauti ya kipaza sauti ikamrudia. "*Baada ya utafiti wa miezi sita, ofisi hii imegundua mbinu yake ya kuifanya kompyuta mpya itumike kwa lugha ya wananchi...*"

Wakuu, nilichapa. Ukurasa mzima. Kila sentensi nilikuwa nasubiri jina la Tripurari litajwe kwenye adhabu.

Likatajwa. Kwenye aya ya mwisho. *Mratibu wa ugunduzi huu ni karani mkuu, Bwana Tripurari.*

Vidole vikasita.

"Endelea, mzee," akasema Bwana Kaul, hanitazami. "Meza yako ipo. Unataka nini tena?"

Nilichokuwa nataka hakina fomu.

Nikaimalizia. Printa ikaitapika safi. Akatia saini, Tripurari akagonga muhuri. Mara moja tu: pa! Kumbe unagongeka.

Mwezi wa kumi na moja wakaitwa Patna, wakapewa ngao. Gazeti likaweka picha yao na kichwa cha habari: tarafa yaongoza kwa teknolojia. Tripurari sasa amepandishwa, yeye ndiye anayesimamia vibali vyetu vya kukaa chini ya bati. Kila mwaka napeleka changu dirishani kwake, na kila mwaka ananiambia nirudi kesho.

Meza ninayo. Saba anafanya kazi. Nagendra kajenga ghorofa.

Mimi nilikuwa nadhani mkubwa ukimkamata uchi ataona haya. Msijidanganye kama nilivyojidanganya. Mkubwa akikamatwa uchi anatangaza kwamba uchi ndiyo sare mpya, anajipa nishani kwa kuwa wa kwanza kuivaa, halafu anakugeukia wewe uliyemwona na kukuuliza mbona bado umevaa nguo.