Chai ya iliki baada ya sinema

Leo nimemwambia mke wangu ukweli, na chanzo ni sinema ya Kihindi.

Jumapili hatuna kazi ya mjengo, kwa hivyo nilikaa kwenye kibanda cha video hapa mtaani Bulla Pesa. Sinema ilikuwa ya mama muuza viungo. Kila anayenusa iliki yake anasema jambo alilolificha moyoni. Mwishowe alinusa mwenyewe, akamwambia fundi wa baiskeli kwamba anampenda.

Nilicheka. Uongo mtupu.

Nikatoka nikaenda kwa Mama Halima, anayeuza chai hapo nje. Yangu huniwekea kando bila viungo, kwa sababu kwetu Bungoma chai ni majani na maziwa. Huwa namwambia hiyo yake ni dawa.

"Leo nipe ya iliki," nikasema.

"Umeugua?" akauliza. Benchi nzima ikacheka.

Nikanywa, nikampigia mke wangu kule nyumbani. Yeye hulalamika kwamba siku hizi naongea naye kama mgeni: kazi nzuri, mwili mzima, kwaheri.

Leo mdomo ulijiendea. Nikamwambia mgongo unaniuma, nimechoka, na naogopa mtoto wetu Neema atasahau sura yangu.

Akaniuliza:

"Baba Neema, umekunywa nini?"

"Chai tu."

"Basi ongeza kikombe, uendelee."

Sasa niko kwa cha tatu, na bado tunaongea.

Nyinyi mlio mbali na nyumbani, huwa mnaficha nini kwa simu?