Béa Alipokaa Chini Langoni

Nianze na aibu yenyewe ili mcheke mmalize: mimi, mzee wa miaka sabini na kitu, niliyesoma mpaka sekondari na mwenye nafasi yangu kanisani, nilijikojolea mchana kweupe mbele ya shule ya watawa, huku watu wamenikaba ukosi wakiniita mwizi wa watoto. Hapa Katuba wanaosimulia habari hii humlaumu mlinzi, wengine Ma Sœur, mtawa anayefundisha pale, wengine hata mtoto. Hapana. Kosa ni langu lote.

Mjukuu wangu Béa yuko mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Mama yake, binti yangu Clémentine, anauza vitenge, na siku anapokwenda mpakani Kasumbalesa kuchukua mzigo, jirani yetu ndiye humchukua Béa shuleni. Siku hiyo jirani alikuwa kwenye matanga, basi nikapangiwa mimi. "Papa, usisahau karte," Clémentine aliniambia mara tatu kabla ya kuondoka (utadhani mimi ndiye wa mwaka wa kwanza). Karte ni kikadi kigumu chenye picha ya mtoto na muhuri wa shule, na bila hicho mtoto hatoki langoni. Nikakitia mfukoni vizuri kabisa, kisha nikajitazama kwenye kioo, nikaona koti limechakaa, nikalivua nikavaa lile jeusi la misa, maana nilijiambia watawa wanaheshimu mtu nadhifu (ukweli ni kwamba langoni wanasimama akina mama wengi). Karte ikabaki katika koti la kwanza, nami nikalijua hilo nilipokuwa nimeshasimama mbele ya mlinzi, mtu mzima mwenye filimbi shingoni.

"Papa, karte."

Kurudi Katuba na kuja tena ni zaidi ya saa nzima, na jua lilikuwa kali. Ningesema tu nimesahau. Badala yake nikaweka sauti ya huzuni.

"Ndugu yangu, uniache tu. Mama ya mutoto iko mugonjwa. Banamupeleka ku hôpital sasa hivi. Shi unaona vile natetemeka?"

(Mungu anisamehe, niliongeza na habari ya damu.)

Mlinzi akaingiwa na huruma, akaita jina. Béa akaja mbio, mkoba ukimrukaruka mgongoni, akacheka aliponiona. "Kambo!" Ndivyo wajukuu wanavyotuita sisi akina babu huku kwetu. Nikamshika mkono, na mambo yangeishia hapo kama yule mlinzi, kwa wema wake, asingeinama kumpa pole.

"Pole, mama. Mama yako atapona. Wende mbio na Kambo."

Mimi sikujua kwamba wiki hiyohiyo, katikati ya herufi na ishara ya msalaba, Ma Sœur alikuwa amewafundisha watoto wa mwaka wa kwanza jambo moja, na kuwafanyisha zoezi lake uwanjani mpaka wote wakaliweza. Mtu mbaya hasemi yeye ni mbaya. Anasema mama yako ni mgonjwa, twende mbio. Ukiambiwa hivyo na mtu asiye na karte, unakaa chini na kupiga kelele mpaka Ma Sœur afike, hata kama mtu huyo unamjua.

"Kambo, karte iko wapi?"

"Iko ku nyumba. Twende."

"Mama iko na nini?"

Nikamwinamia, nikamnong'oneza nikidhani namtuliza: "Hana kitu, iko muzima. Nilisema tu vile. Nyamaza, twende."

Akanitazama. Nimembeba mtoto huyu mgongoni, nimemlisha uji kwa kijiko, na sijawahi kuona macho yale usoni mwake. Alikuwa ananiogopa mimi. Akauvuta mkono wake, nami (angalieni upumbavu) nikaukaza. Basi akakaa chini palepale kwenye vumbi jekundu, na shati lake jeupe, akafungua kinywa akapiga kelele.

Wenzake waliokuwa wakisubiri walimwona wakalitambua zoezi. Akakaa wa kwanza, akakaa wa pili, na kabla sijamaliza kumeza mate darasa zima lilikuwa chini likipiga kelele kwa sauti moja, mmoja na ndizi yake mkononi ambayo hakuiachia.

Ningesimama tulivu ningepona. Lakini nilimwachia Béa nikaanza kutembea haraka, mgongo nimewapa, kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine.

"Anakimbia!" mama mmoja muuza maandazi akapaza sauti. "Mwizi wa batoto!"

Dereva wa pikipiki akaruka akanikaba ukosi. "Muzee, unaenda wapi? Ule mutoto ulitaka kumupeleka wapi?"

"Ni mujikulu wangu!"

"Bote banasemaka vile!"

"Na muone koti," mwingine akadakia, "anavaa kama muntu ya kanisa. Njo bale banaibaka batoto!"

Mkono wa koti ukachanika. Niliona jiwe mkononi mwa mtu, jiwe la kawaida la barabarani, na sikuweza kuangalia kitu kingine. Nimeishi mji huu miaka yote, najua mtu akishaitwa jina hilo hakuna anayemuuliza swali la pili. Nikahisi joto likishuka miguuni.

"Anakojoa! Aba, muzee anakojoa!"

Wakacheka, lakini hakuna aliyelegeza mkono. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Ma Sœur akafika na chaki mikononi. Ni mfupi, na hakupiga kelele. "Mumuache asimame," akasema, kisha akamchutamia Béa. "Béa, huyu ni nani?"

Béa alikuwa na kwikwi. Watu wote wakawa wanamsubiri mtoto wa miaka sita.

"Ni Kambo."

Mikono ikalegea kidogo.

"Lakini hana karte. Na anasema Mama ni mugonjwa, kisha anasema hapana."

Ma Sœur akanigeukia. "Papa, ya kweli ni gani?"

Siwafichi, nilipima. Nikisema Clémentine mgonjwa, wale watu watanipa pole na kunifungulia njia, na Béa ataingia nyumbani akilia mpaka jioni mama yake arudi. Nikisema nimedanganya, lile jiwe bado liko mkononi mwa mwenyewe. Nikamtazama mtoto kwenye vumbi.

"Nilisema bongo," nikaukiri uongo wangu. "Mama yake iko Kasumbalesa, iko muzima. Karte nilisahau, njo nikasema bongo."

Dereva akatema mate chini. "Muzee muzima!" Akaniachia kwa kunisukuma.

"Usiniambie miye," Ma Sœur akasema. "Mwambie mutoto."

Nikachutama na suruali yangu ile, nikamwambia.

"Mama haiko ku hôpital?"

"Hapana."

"Haiko na damu?" (Kumbe wenzake waliokuwa karibu na lango walinisikia, wakamwambia na hilo.)

"Hapana, mama yangu. Unisamehe."

Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Wende ulete karte."

Nikaenda, na kwenye basi hakuna aliyekaa karibu nami; nikarudi na karte, nikamchukua mtoto.

Clémentine alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaelezwa habari ya damu, akaacha kucheka, na siku mbili hakuniongelesha. Nimeapa sitamtia mtu yeyote ugonjwa kwa mdomo wangu tena, hata nikiwa nimechelewa, hata kwa mlinzi nisiyemjua. Kwa Béa kiapo hakitoshi. Juzi nilimwambia achukue mwavuli, mvua inakuja. Akanitazama, akaenda jikoni.

"Mama, Kambo anasema mvua inakuya. Ni kweli?"

"Toka inje uone," Clémentine akajibu bila kugeuka.

Akatoka. Nilikaa kwenye kiti nikimsubiri kama siku ile langoni, mpaka akarudi akauchukua mwavuli.

"Ni kweli, Kambo."

Basi hiyo ni moja. Sijui anahitaji ngapi.