Salamu Nilizozitupa Jalalani

Miaka ile vyama vilipotugawa hata kwenye kuzikana, Wapemba wa nyumbani, Mombasa na Maskati tulibakiwa na baraza moja: orodha yetu ya barua pepe. Mlinzi wake nilikuwa mimi, nikipitisha kila barua kutoka duka la intaneti Chake Chake, na nilijiona mtu kweli kweli.

Barua taka zilitujaa. Wajane wa uongo, mirathi ya uongo, zote zikianza kwa jina la Mungu na salamu ndefu, kisha shida. Nikajifanya mjanja. Nikaiamuru kompyuta kwamba barua ya asiye mwanachama ikianza hivyo, iende jalalani moja kwa moja, hata nisiione. Sijui akili yangu ilikuwa wapi. Mpemba gani anaandika barua bila kusalimia nyumba nzima kwanza?

Mama yangu mdogo wa Kojani alikuwa na mwanawe mmoja, aliyekimbilia Mombasa baada ya vurugu za uchaguzi. Simu hakuwa nayo, ila alikuwa mwanachama wa baraza letu na alilisoma. Mumewe alipozidiwa na maradhi, mama mdogo alimwomba mwalimu wa pale kijijini amwandikie kijana pale barazani: njoo umuwahi baba yako, akupe radhi. Mwalimu hakuwa mwanachama.

Habari ya msiba wa mzee iliponifikia, na kwamba kijana aliandikiwa na hakuja, nilikwenda kufungua jalala. Barua ilikuwamo, ya wiki tatu nyuma. Salamu mistari kumi, ombi mstari wa kumi na moja.

Nilivuka kwenda Kojani kwenye hitima ya kumwombea marehemu, nikiwa nimeazimia kusema. Mama mdogo akanishika mkono.

"Ahsante baba, weye kazi yako umeifanya. Barua kaipata yule, moyo wake tu ndo mgumu. Babake kafa akimwita. Na mie radhi yangu simpi."

Nilifungua mdomo, nikasema Mungu amrehemu marehemu. Kisha nikakaa mkekani, nikala wali wa hitima, nikashiba. Nilijidharau kwa kila tonge, na bado nikala.

Siku ya pili kijana aliandika barazani. Alitusalimia sote, wakubwa kwa wadogo, ndipo akauliza kama kuna mwenye habari za mzee wake wa Kojani. Niliisoma mara tatu kabla ya kuipitisha. Nikamjibu kwamba nitamuulizia.