Pikipiki ya Mkunga

Jirani yangu fundi wa pikipiki tunamwita Tulia, na jina hilo kalichuma mwenyewe. Mimi nashona nguo, kibanda changu kinatazamana na karakana yake, kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona kwa macho yangu. Mteja akifika na injini inayofuka, Tulia hata spana haokoti. "Iache itulie kwanza," atasema, kisha ataisukumia kivulini na kuendelea na chai yake mpaka injini ipoe kiasi cha kuwekewa kiganja. Kiganja chenyewe kina kovu kubwa, aliungua na ekzosi wakati wa ujana. Tangu hapo hagusi chuma cha moto. Ukimharakisha atakwambia haraka haraka haina baraka, nawe utakaa.

Dada yake mkubwa ni mkunga. Ana pikipiki kuukuu aliyoachiwa na marehemu mumewe, nayo ndiyo humfikisha kwa wajawazito walio mbali na zahanati. Ikaanza kumzimikia njiani. Inakwenda vizuri, mara kimya, wala hakuna kiki inayoiamsha. Mama wa watu anaikokota juani hadi karakana, jasho linamtiririka. Tulia anaiweka kivulini, anamaliza chai, anapiga kiki moja tu: inanguruma. Anachomoa plagi, anaigusisha kwenye injini, anapiga kiki tena: cheche ya buluu, safi kabisa. Akabadilisha plagi hata hivyo. Akasafisha kabureta. Wiki haikuisha, dada huyo anarudi anakokota.

"Dada, pikipiki hii haina ugonjwa," alimwambia siku hiyo mbele ya wateja. "Ugonjwa uko juu ya kiti. Klachi unaiachia kama unakanyaga cherehani!"

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa kuwa cherehani ilikuwa yangu. Mkunga naye alitabasamu. "Labda kweli, mdogo wangu. Nitajifunza," akasema, akaondoka taratibu kama mtu aliyeazima pikipiki ya mkubwa wake wa kazi.

Ilimzimikia tena mchana wa jua kali, akiwa ameitwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu. Angeweza kuitelekeza na kukimbia kwa miguu. Lakini alishaambiwa kosa ni lake, basi akabaki pale anapiga kiki, anajaribu klachi hivi, anajaribu vile, anajilaumu. Alipofika, mtoto alikuwa ameshatoka, kitovu kimemzonga shingoni, na hapakuwa na mkono wa kukilegeza. Mtoto hakulia.

Kesho yake alikuja akiikokota. Nilifikiri atamtolea mdogo wake maneno. Kumbe amekuja kuomba radhi.

"Nisamehe, mdogo wangu. Uliniambia, sikusikia. Nimewaambia wale wazazi kwamba nimechelewa kwa sababu sijui kuendesha. Mpe mtu anayeiweza. Mimi nitabaki zahanati."

Dada alipoondoka, chai ilipoa mezani bila kuguswa. Kisha Tulia akaweka mfukoni mita yake ya kupimia umeme, akaipanda ile pikipiki, akaipeleka kwenye mlima, juu na chini, juu na chini, kwenye jua lile lile. Ikamzimikia.

Safari hii hakuiacha itulie. Aliichomoa plagi ikiwa ya moto, vidole vikiungua, akapiga kiki. Hakuna cheche. Akaufuata waya wa ile koili ndogo iliyofichwa ubavuni mwa injini, inayoamuru cheche itoke lini, akaupima. Mshale wa mita haukutikisika. Akakaa chini kuitazama. Injini ilivyopoa, mshale ukapanda wenyewe. Uzi wa koili ulikuwa umekatika ndani: joto likija unaachana, baridi ikija unagusana.

"Kila mara nilikuwa naiponya kabla ya kuipima," aliniambia aliporudi, vidole vimevimba. Kisha akalia, mtu mzima yule, palepale kwenye vumbi.

Nami, kwa ulimi wangu huu usio na breki, nikamshauri vibaya. "Mtoto harudi. Funga koili mpya, mwambie umerekebisha kitu kidogo, yaishe."

"Yaishe kwa nani?" aliniuliza. "Amebeba mzigo wangu, jirani."

Alifunga koili, akapanda tena mlima mpaka injini ikatokota, haikuzima. Akampitia dada yake zahanati wakaja wote wawili karakana. Aliyasema yote mbele yangu, kwa sababu nilikuwepo siku ya kicheko.

"Hukuwa wewe, dada. Ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Mimi niliipoza, halafu nikakucheka."

Nilingoja alie, au amzabe kofi. Vyote vilikuwa haki yake. Mkunga akaigeukia pikipiki.

"Sasa haizimiki?"

"Haizimiki."

Akamtupia helmeti. "Panda nyuma."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa yule mama. Mimi nimempa uongo. Wewe utampa ukweli."

Tulia akapanda kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Injini ilikuwa bado ya moto, na hakuna aliyesema iachwe itulie. Mkunga alipiga kiki moja ikawaka, akaachia klachi, wakaondoka bila pikipiki kushtuka hata kidogo. Nami nikiwa nimesimama na futi yangu shingoni nikaona kwamba mkunga huyu alikuwa anajua kuendesha siku zote.